Mpishi wa Safari ya Mtoni

Lori lililonileta Dar es Salaam lilikuwa limebeba korosho. Mbele walikaa dereva, utingo na mwanamke ambaye dereva alisema ni shemeji yake, kwa hiyo mimi nililala juu ya magunia tangu Nachingwea. Masika yalikuwa yameshaanza. Utingo alishuka na jembe mara nyingi kuliko mkulima. Tulisukuma, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, na tulipofika Nangurukuru kitu pekee kikavu nilichokuwa nacho ni cheti changu cha kidato cha nne, nilichokifunga kwenye nailoni na kukivaa tumboni.

Halafu tukafika Rufiji, na safari ikakwama hapo. Mto ulikuwa umefurika na pantoni la Ndundu halikuvuka. Malori yalipanga mstari mpaka nyuma ya kona, madereva wakafungua maturubai, wanakijiji wakaleta samaki wa kukaanga, na kila asubuhi tulikwenda kuutazama mto kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita na magogo na visiwa vizima vya matete. Nilimwuliza mtu wa pantoni maji yote yale yanatoka wapi. Akasema porini. Nikamwambia mimi nimezaliwa huko juu. Akanitazama nguo, akanitazama uso, akasema huko hawazaliwi watu, huzaliwa tembo.

Alikuwa anacheka tu. Lakini ni kweli nilizaliwa huko, kabla hakujaitwa pori. Palikuwa na kijiji ukingoni mwa Rufiji, juu kabisa, karibu na mahali ambapo mto mzima hubanwa kati ya mawe ukanguruma mchana na usiku. Mwingereza aliwaondoa watu wetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alisema sababu ni ugonjwa wa malale. Nyumba zikachomwa ili mtu asirudi, na ardhi ikaachiwa wanyama. Uhuru ulipokuja, wazee wetu walianza kufunga mizigo. Walidhani aliyewafukuza ameondoka. Aliondoka kweli, ila mipaka aliiacha, na serikali yetu ikaikuta mizuri, ikaiongeza.

Dar nilifikia Kariakoo, nyuma ya soko, kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Marehemu mumewe alikuwa kuli bandarini, na alichomwachia ni chumba cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Asubuhi alichoma vitumbua mlangoni, jioni alichoma mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kushauriwa. Mimi nimekuwa mtu wa miguu isiyotulia maisha yangu yote. Kutoka pale nilikwenda Tanga kwenye mkonge, nikaenda Mtwara, nikaenda Tunduru, na kila nilipochoka nilirudi kwenye mkeka ule ule, nikapokewa na maneno yale yale: je, huko ulikokwenda ulipita mtoni?

Alikuwa na sababu yake. Mtoto wake wa kwanza alikufa siku chache kabla ya watu kuhamishwa. Wakamzika karibu na mto, na matanga hayajaisha vizuri askari wakaja. Akaondoka kabla ya arobaini. Tangu hapo masheikh kadhaa walimwambia kisomo husomwa popote, dua haihitaji kupanda lori. Aliwasikiliza, akawapa kahawa, na arobaini hakuisoma. Alisema mtoto yule hajui Kariakoo ni wapi. Itasomwa alipo, na yeye mwenyewe ndiye atakayepika wali wake.

Hilo ndilo lilikuwa deni lake kwa dunia, na wakati ninaouzungumzia alikuwa ameanza kuvimba miguu. Akitoka sokoni alipumzika mara mbili kabla ya kufika nyumbani. Wote wawili tulijua bila kuambiana kwamba akikawia hataweza tena kutembea porini.

Wakati huo nilikuwa nimetulia kidogo. Nilikuwa msaidizi wa bohari katika shirika la umma lililogawa vitambaa, bohari yetu ikiwa Gerezani. Vitambaa vyenyewe havikuwapo. Tulikuwa tukilinda rafu. Katika ukame huo ndipo kamati yetu ya wafanyakazi ikaambiwa kutoka juu kwamba mfanyakazi apumzike na aijue nchi yake. Idara nyingine zilikuwa zimekwenda Bagamoyo kuona magofu na kurudi na nazi. Mwenyekiti wetu, mtu mnene mwenye sauti ya mkutanoni hata akiomba chumvi, alitaka jambo kubwa zaidi. Akauliza nani ana wazo. Nikasimama, nikawaeleza habari za mto.

Sijui nilitoa wapi ufasaha siku ile. Niliwaeleza mawe yanavyoubana, visiwa vya mchanga wakati wa kiangazi, viboko wanavyotoa pumzi kama watu wanaoamka. Vyote hivyo nilikuwa nimevisikia kwa mama mkubwa. Mwenyekiti akafurahi, akanifanya katibu wa safari.

Nikaanza kuipanga. Nilikwenda ofisi ya wanyamapori mara nyingi mpaka mlinzi akaacha kuniuliza ninamtaka nani. Ndani ya hifadhi, nikaambiwa, haingii mtu bila kibali. Kibali kina kundi la wageni na kundi la wananchi, na kila kundi lazima lifuatane na askari mwenye bunduki. Hakuna kulala nje ya kambi, hakuna kuvua, hakuna kuokota hata jiwe. Nilimwuliza bwana wa vibali, kijana mstaarabu tu, kama mtu aliyezaliwa huko ndani anaingia kwa kundi lipi. Akafikiri, akasema mwananchi. Halafu akaongeza kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa.

Tukaamua kwenda kwa treni ya Wachina, kwa kuwa reli inapita ndani ya pori, na lori la shirika litangulie kwa barabara na mizigo likatungoje kwenye stesheni. Kiangazi tu, barabara ikiwa imekauka. Na lori liwe limerudi mjini kabla ya Jumapili mchana, kwa maana miaka ile gari kuonekana barabarani Jumapili jioni bila ruhusa lilikuwa kosa la kutosha kumlaza dereva ndani. Mwenyekiti alitaka picha, kwa hiyo tukatafuta mtu mwenye kamera. Alitaka pia mpishi. Hapo ndipo niliposema mpishi ninaye.

Nilimweleza mama mkubwa jioni, akimenya mihogo. Kisu kikasimama.

"Niende kwetu kuwapikia wageni?"

"Mama, ndiyo njia iliyopo. Mpishi anaandikwa kwenye kibali. Mama mkubwa wa mtu haandikwi."

"Watakula wali mbichi hao."

Akaendelea kumenya. Baada ya muda akaniuliza ni mwezi gani, nikamwambia. Akaniuliza stesheni iko umbali gani na yale mawe, nikamwambia lori litatufikisha. Kisha akasema atapika sufuria mbili. Moja ya wafanyakazi, moja ya kisomo, na hakuna haja ya mwenyekiti kujua ipi ni ipi, wote watakula. Nilimwona akitabasamu peke yake, ameiinamia mihogo.

Tatizo likawa chakula. Vijana wa leo hawatanielewa nikisema kwamba kupata mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa pamoja lilikuwa jambo la miezi. Duka la ushirika likipata sukari, foleni ilianza kabla ya jogoo, na watu waliweka mawe kushika nafasi zao. Kila jiwe lilijulikana ni la nani. Kamati ilitoa fedha za safari, ikasema kila kitu kinunuliwe kidogo kidogo kwa bei halali na kihifadhiwe. Bohari ilikuwa na panya wengi kuliko vitambaa. Nikapendekeza chumba cha mama mkubwa, mwenyekiti akakubali kwa mdomo.

Kwa hiyo mama mkubwa alisimama kwenye foleni na miguu yake ile. Alisimama kwa ajili ya shirika, kisha akasimama tena kwa ajili ya mtoto wake, kwa akiba yake ya vitumbua. Uvungu wa kitanda ukajaa. Akaweka kanga juu, juu ya kanga akaweka masufuria. Chumba kikanukia mchele mkavu na sabuni ya mche, na yeye akalala katikati ya vitu hivyo akiwa na raha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Sasa nimtaje mtani wetu. Katika nyumba ile, chumba kilichotazamana na cha mama mkubwa alikaa Mnyamwezi mmoja wa makamo, hamali wa sokoni, mwenye mkokoteni wake. Sisi Wangindo na Wanyamwezi ni watani, na asiyeujua utani aulize kabla ya kuishi nasi. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Atachukua kofia yako akaiuza. Ukifiwa, yeye ndiye anayesimamia kuosha na kuchimba kaburi, huku akimkejeli maiti ili wafiwa wasife kwa majonzi. Hawa wawili walitukanana kila asubuhi kama wengine wanavyosalimiana.

"Mtumwa wangu, umeamka?" mama mkubwa angemwita.

"Nimeamka, mke wangu. Leo tembo hajakufukuza?"

Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Watu wengine hufukuzwa na wafalme, alisema, Wangindo walifukuzwa na tembo, na tembo akapewa nyumba. Mama mkubwa alimjibu kwamba babu zake walibeba pembe za tembo huyo huyo mpaka shingo zikazama mabegani. Siku miguu ya mama mkubwa ilipokuwa mibaya, mtani alimpakia kwenye mkokoteni pamoja na unga, akampitisha mtaani akinadi kwamba anauza bibi kizee, bei ya kutupa. Watu walicheka, na bibi kizee alifika nyumbani bila kutembea.

Mwaka ule ukaja msako. Wahujumu uchumi, walanguzi, wenye magendo: redio haikuzungumza habari nyingine. Watu walimwaga sukari chooni usiku wasikamatwe nayo. Wengine waliacha majora ya vitambaa yamelala njiani, hakuna mwenyewe. Nilimwambia mama mkubwa tuvihamishie vile vitu bohari, panya au la. Akasema vimenunuliwa kwa foleni, mtaa mzima umemwona amesimama, mwizi gani anapanga foleni? Nikaona ana haki. Bado naona alikuwa na haki.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, mbele ya nyumba, muuza kahawa ameketi na mabirika yake na wanaume wamejipanga kwenye baraza. Mtani alikuwa amerudi na mkokoteni mtupu. Mama mkubwa alikuwa kwenye jiko lake, na akamchokoza kwanza. Akamwambia hamali akikosa mzigo ajibebe mwenyewe. Mtani akaweka kikombe chini, akawageukia watu.

"Jamani, mniombee. Mke wangu ananiacha. Anakwenda kufungua duka porini. Sukari ipo uvunguni, mchele upo uvunguni, mafuta yapo, sabuni ipo. Viboko watapanga foleni na kadi zao, na yeye ndiye meneja."

Baraza likaangua kicheko. Muuza kahawa mwenyewe alicheka akamwaga kahawa. Mama mkubwa akajibu kwamba viboko wake watakuwa na adabu kuliko Wanyamwezi, watarudisha vikombe. Wakacheka tena. Nilikuwepo, nami nilicheka.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mgambo mgeni, hajamaliza mwezi mtaani, ametoka mkoa ambao watu wake hawana utani nasi wala na Wanyamwezi. Alimsikia jirani akimtaja jirani yake mbele ya mashahidi, na mwenye kutajwa hakukana. Kwake hiyo ilikuwa taarifa kamili. Alilipa kahawa yake, akaaga vizuri, akaondoka.

Walikuja kesho yake asubuhi, yeye, polisi wawili na mjumbe wetu wa nyumba kumi ambaye alitembea nyuma akitazama ndala zake. Walitoa kitanda nje kwanza. Halafu vikatoka vile vitu, kimoja kimoja, vikapangwa barabarani kwenye jua, na nikaona watu walioweka mawe kwenye foleni pamoja na mama mkubwa wakivitazama kana kwamba sasa ndiyo wanamjua. Nikawaambia polisi ni vya safari ya shirika. Wakauliza viko vingapi vya shirika. Nikataja. Vilivyokuwa barabarani vilizidi, kwa sababu ya ile sufuria ya pili, na ningeieleza vipi sufuria ya pili kwa mtu mwenye haraka?

Mtani akafika na mkokoteni. Aliposikia aliyetajwa kuwa chanzo ni yeye, alicheka kwanza, akidhani ni zamu yake ya kutaniwa. Kisha akaona nyuso.

"Afande, ule ulikuwa utani. Huyu ni mtani wangu."

"Sukari hii nayo ni utani?"

Wakamwambia mkokoteni wake umefika wakati mzuri, apakie. Akasimama. Mama mkubwa alikuwa amefunga kanga ya pili na kushika mlango asiyumbe. Yeye ndiye aliyezungumza.

"Pakia, hamali. Si ndiyo kazi ya babu zako?"

Akapakia. Njia nzima mpaka kituoni mama mkubwa alitembea kando ya mkokoteni akimtukana, kwamba anasukuma kama mwanamke mwenye mimba, kwamba sukari itayeyuka kabla hajafika, na mtani akasukuma akilia bila kujifuta. Sheria ya utani haimruhusu mtu kumkasirikia mtani. Nafikiri mama mkubwa alimtukana ili asiivunje.

Mimi nilikimbilia Gerezani. Mwenyekiti alikuwa ofisini kwake, redio imewashwa chini kwa chini. Nilimweleza upesi nikimwomba aje kituoni aseme neno moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Ndugu, safari ipi?"

Nilidhani hajanisikia. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kamati haijakaa kuidhinisha uhifadhi wa chakula katika nyumba ya mtu binafsi, kwamba wakati huu ni mgumu, kwamba mimi mwenyewe nijihadhari. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa wa jasho, nami kwa dakika nzima nilimwonea huruma.

Vile vitu vilipelekwa duka la ushirika vikauzwa kwa wananchi. Wapangaji wa nyumba yetu walikwenda kupanga foleni. Mama mkubwa hawakumshitaki, alikuwa dagaa tu katika wavu ule. Lakini walipomwuliza kitambulisho cha kazi hakuwa nacho, na vitumbua havikuhesabiwa kuwa kazi. Kwa hiyo aliunganishwa na wale waliokuwa wakirudishwa makwao wakalime. Nilimkuta ofisi ya kata, kwenye benchi, pamoja na wauza sigara na wasukuma mikokoteni. Alikuwa mchovu, ila macho yake yalikuwa na kitu. Akaniinamia akanong'ona kwamba amesikia serikali yenyewe inatoa lori. Kila mtu anaulizwa kwao, anapelekwa kwao. Bure.

Zamu yake ilipofika alijitengeneza kanga kichwani kabla ya kusimama mbele ya karani.

"Bibi, kwenu wapi?"

Akalitaja jina la kijiji chetu. Ni jina ambalo sijapata kuliona limeandikwa mahali popote. Karani akauliza ni wilaya gani. Mama mkubwa akasema Rufiji, juu, pale mto unapopita kwenye mawe. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akaenda kwenye ramani ya ukutani, akaufuata mto kwa kalamu, kalamu ikaingia kwenye kijani ikasimama.

"Hapa hakuna kijiji. Hapa ni wanyama tu."

"Hao wanyama wametukuta."

"Sawa, bibi. Lakini hakuna mwenyekiti wa kijiji, hakuna katibu. Nani atakupokea?"

"Sitaki kupokelewa. Nifikishe tu, uniache."

Watu kwenye benchi walicheka. Karani akatazama foleni iliyokuwa nyuma ya mama mkubwa, akatazama orodha yake ya vijiji vyenye nafasi, akamwandikia Handeni. Nilijaribu kuingilia, nikisema ataishi kwangu, nina kazi. Nikaulizwa kama ni mke wangu. Lori liliondoka mchana, likaelekea kaskazini, na mama mkubwa alikuwa amekaa nyuma kabisa, ameshika ubao, akiangalia mahali lori lilikotoka badala ya linakokwenda.

Kiangazi kile safari ilifanyika. Msako ulikuwa umepoa, kibali nilichokihangaikia kilikuwa hai, na kamati, ambayo sasa iliikumbuka safari, ikaenda. Mimi sikuwekwa kwenye orodha. Aliyepika alikuwa mke wa mwenyekiti. Walirudi na picha, wakazibandika ubaoni karibu na mlango wa bohari, na nilizipita kila siku nikiingia na kutoka. Mwenyekiti ameweka mguu juu ya jiwe. Mke wa mwenyekiti na sufuria. Askari na bunduki. Nyuma yao mto.

Nilikwenda Handeni mara moja. Ni nchi kavu ile, wanawake walitoka alfajiri kutafuta maji wakarudi jua limekuwa kali. Nilimkuta mama mkubwa kwenye kibanda cha fito alichopewa, miguu imevimba mpaka vidole vimepotea. Wenyeji walimtendea vizuri, akasema, tatizo lao hawajui kutukana. Nilimpa sukari kidogo niliyobeba. Akaniuliza kama wale watu walikwenda.

"Walikwenda, mama."

"Wakauona mto?"

"Wameuona. Wamepiga picha."

"Maji yalikuwa na rangi gani?"

Nikamwambia picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe. Akatikisa kichwa, akasema basi hawakuuona.

Mwaka uliofuata mwenyekiti aliniita. Safari ya kwanza ilikuwa imesifiwa huko juu, sasa wanataka nyingine, na mwenye kuijua njia ni mimi. Alizungumza kana kwamba hakuna kilichopata kutokea baina yetu. Nikakubali papo hapo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu moyoni: treni, lori, kibali, mpishi. Safari hii mpishi ningemleta kutoka Handeni kama mtu wa kijiji cha ujamaa, mwenye mwenyekiti na katibu, na hakuna ofisi ambayo ingeuliza. Asiyeweza kutembea atabebwa. Nilimfuata mtani sokoni, nikamwuliza kama atakuja na mabega yake. Akasema bei ya kubeba Mngindo ni mara mbili ya gunia, maana Mngindo husema njiani. Tukapeleka salamu kwa dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akipita kijijini kule, amwambie mama mkubwa ajiandae, na awatafute Waislamu wa kijijini, mmoja wao amfundishe kisomo vizuri.

Nilirudi tena kwa yule bwana wa vibali. Nilipanga tarehe. Hata mgeni aliyekuwa akinitazama angesema huyu ni mtu anayependa kazi yake.

Dereva yule aliporudi hakuja kwangu. Alifikia sokoni kushusha mahindi, na huko alimkuta mtani. Nilikuwa mlangoni mwa bohari nilipomwona mtani akija kwa miguu kutoka upande wa Msimbazi, bila mkokoteni, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote. Nilijitayarisha kwa tusi. Nilikuwa na langu tayari mdomoni.

"Habari za kazi, ndugu yangu," akasema.

Katika miaka yote hakuwa amewahi kuniamkia hivyo. Nikajua, kabla hajasema neno la pili. Akaniambia amezikwa Ijumaa iliyopita, kule kule. Wachimbaji wa kaburi walikuwa watu wema. Hapakuwa na mtani hata mmoja, hakuna aliyemkejeli, wamemwingiza kimya kimya kama mgeni. Hilo ndilo lililomshinda mtani wetu kulimeza, akalisema mara mbili. Salamu zetu, dereva alisema, zilimfikia akiwa bado anaelewa. Aliuliza tarehe.

Niliingia ndani nikachukua koti langu. Mwenyekiti alikuwa akitoka ofisini kwake na karatasi mkononi, akataka kujua kama mwaka huu tutaongeza siku moja. Nikamwambia naondoka. Akauliza likizo ya lini. Nikamwambia naacha kazi, nimefiwa na mama yangu mkubwa. Akanipa pole, pole ya kweli kabisa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akasema, kwa sauti ya chini:

"Na safari?"

Sikuwa na hasira ya kutosha kumtukana. Nilitoka tukaenda na mtani mpaka stesheni ya reli ya kati, jua likiwa bado juu, tukapita katikati ya watu wenye kanga mabegani na madebe mikononi, kwani mahali fulani mafuta ya taa yalikuwa yamepatikana. Sikutaka kwenda Handeni kusimama juu ya udongo ambao si wake, na kusini hakukuwa na mtu wa kuniuliza kama nilipita mtoni. Nilikata tikiti ya Tabora kwa sababu treni iliyokuwapo ilikuwa ya Tabora.

Mtani alinipatia nafasi ya dirishani kwa kumsukuma abiria mmoja aliyekuwa amesinzia. Akashuka, akasimama nje, akashika chuma cha dirisha. Alinipa jina la mtaa wa ndugu zake, akaniambia nikifika niseme mimi ni mtumwa wa ukoo wao, nimetoroka, wanirudishe zizini. Abiria waliosikia walianza kucheka, wakanigeukia kusubiri nitajibu nini. Nilimwambia asisinzie njiani asije akapakiwa mkokotenini na hamali wenzake. Lilikuwa tusi dogo, la kuazima, na sote wawili tulilisikia lilivyokuwa dogo. Akachukua kofia yangu dirishani, akaivaa, akaondoka nayo kabla treni haijasogea.